Kukosa na Kukosea: Ungamo la Kikristo na Nafasi ya Aliyekosewa

Mjadala kuhusu dhambi katika fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kuanzia mahali pamoja, nako ni unafiki. Mhakiki huonyesha mhubiri mlevi, mzee wa kanisa mwenye kimada, au tajiri aliyeokoka anayewapunja vibarua wake, kisha hukata shauri kwamba mwandishi ameikejeli dini. Uhakiki wa namna hii si wa uongo, ila ni mwepesi. Mnafiki anaijua dhambi yake na kuificha. Basi kazi ya mhakiki huwa ni kumfunua tu. Lipo swali zito zaidi ambalo hupitwa kwa haraka: vipi kuhusu Mkristo asiyeficha kitu? Yule anayesimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake kwa jina, akalia machozi ya kweli, kisha akaketi akiwa na amani moyoni, je, amesema ukweli kuhusu nafsi yake?

Tena uhakiki wa unafiki una mtego ndani yake. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, watu wawili wanapanda hekaluni kusali: Farisayo anayeshukuru kwamba yeye si kama wengine, na mtoza ushuru anayejipiga kifua. Msomaji humpenda mtoza ushuru mara moja, na kwa kumpenda hujikuta akishukuru moyoni kwamba yeye si kama yule Farisayo. Hadithi imemnasa. Waswahili husema kwamba nyani haoni kundule. Masimulizi ya Luka yanadokeza kwamba hata nyani aliyehifadhi methali hiyo huitumia kuliona la mwenziwe.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba anayeungama kwa moyo mnyofu huenda bado hajausema ukweli, na kwamba hilo laweza kutokea bila ya yeye kudanganya hata kidogo. Ungamo ni utanzu wa masimulizi. Kama tanzu nyingine lina mianzo yake, lina mgogoro na mpomoko wake, na zaidi ya yote lina orodha ya mambo yanayosimulika. Muumini huipokea orodha hiyo kutoka kwa jamii yake kabla hajaanza kujichunguza. Hutafuta ndani ya nafsi yake yale aliyofunzwa kuyatafuta, na huyapata, kwa kuwa yamo. Yasiyokuwa na jina katika orodha hubaki gizani, na hubaki humo pasi na hila yoyote ya mwenyewe.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina mwanga wa kutoa juu ya jambo hili. Maneno dhambi na toba yana asili ya Kiarabu, na yalizoeleka pwani pamoja na dini ya Kiislamu karne nyingi kabla ya misheni za karne ya 19 kuyachukua. Kosa, kwa upande wake, limefungamana na kitenzi kukosa, ambacho maana zake zinastahili kutazamwa kwa pamoja: mwindaji hukosa shabaha, maskini hukosa chakula, na mtu hukosa kwa kutenda lisilofaa. Wanafunzi wa fasihi watakumbuka neno hamartia, ambalo Aristotle alilitumia katika Poetics kuhusu kosa la shujaa wa tanzia. Neno hilohilo ndilo waandishi wa Agano Jipya walilolitumia kwa dhambi, na asili yake katika Kiyunani ni kutoipata shabaha. Kiswahili kimefika pahala hapo hapo kwa njia yake chenyewe.

Lakini Kiswahili kimekwenda hatua moja mbele. Kitenzi hicho kinaponyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa kukosea, na mara nyingi huja na mtu: amemkosea mama yake, wamewakosea majirani. (Kukosea hutumika pia kwa njia na kwa hesabu, lakini matumizi hayo hayaibatilishi hoja.) Kukosa kwaweza kuwa jambo la mtu na nafsi yake, au la mtu na Mungu wake. Kukosea, katika maana hii ya pili, hakusimami peke yake. Kiambishi cha mtendewa kimeingizwa ndani ya neno, na aliyekosewa amepewa kiti katika sentensi. Ndivyo lilivyo pia neno deni, ambalo Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 inalitumia katika Sala ya Bwana kwa mujibu wa Mathayo. Deni halina maana bila mdai. Kitenzi kuungama, kinyume chake, humtaka mtu aiungame dhambi na amwungamie Mungu au kasisi au ndugu katika imani. Yule aliyetendewa hiyo dhambi hana nafasi ya lazima katika sarufi yake.

Yafaa kuongezwa kwamba utamaduni uliokilea Kiswahili haukuwa umezoea kuzianika dhambi. Katika Al-Inkishafi, mshairi anauhoji moyo wake kwa ukali usio na huruma, anauonyesha magofu ya Pate na kuuliza waliko wenye majumba yale. Lakini haorodheshi matendo yake maovu mbele ya hadhira. Mafundisho ya Kiislamu humtaka mtu ambaye Mungu amemsitiri asijifunue mwenyewe. Stara si unafiki. Ni kukubali kwamba masikio ya watu si mahakama ya mwisho, na kwamba simulizi ya uovu yaweza kuwa na ladha yake. Upo pia upande wa pili, na methali inausema bila haya: mficha uchi hazai. Ukristo wa bara ulipoanza kuzungumzia dhambi kwa Kiswahili ulikuta tayari lugha inabishana na nafsi yake juu ya lini mtu afunike na lini afunue.

Kabla ya kuufikia Ukristo huo wa bara, inafaa kumtazama Mwafrika wa kale aliyeuweka msingi wa utanzu wenyewe. Augustine wa Hippo aliandika Confessiones katika miaka ya mwisho ya karne ya nne, na neno alilolichagua kuwa anwani lilikuwa na maana mbili kwa Kilatini cha kanisa, kuungama dhambi na kumsifu Mungu. Katika kitabu cha pili anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapeasi usiku walipokuwa vijana, matunda wasiyoyahitaji, ambayo waliishia kuwatupia nguruwe. Kisa hiki kidogo anakichimba kurasa kwa kurasa. Kwa nini aliiba? Alipenda nini katika wizi ule? Je, angeiba akiwa peke yake? Uchambuzi wake ni miongoni mwa vilele vya fasihi ya nafsi, na wahakiki wana haki ya kuuhusudu.

Hata hivyo, mwenye mti hatajwi kwa jina. Huo ni upungufu mdogo, huenda hata usio na maana. Upungufu mkubwa uko kwingine. Augustine aliishi miaka mingi na mwanamke mmoja aliyemzalia mwana, Adeodatus. Ilipopangwa kwamba aoe mke wa hadhi, mwanamke huyo aliondolewa akarudi Afrika, akaapa kutomjua mwanamume mwingine, na kumwacha mtoto kwa baba. Augustine anakiri kwamba moyo wake uliumia ukatoka damu. Moyo wake. Mwana ana jina, mama mzazi wa Augustine ana jina na sura kamili, marafiki wana majina. Yule mwanamke hana. Katika kitabu kinachotafuta dhambi hadi katika kilio cha mtoto mchanga, mtu aliyetendewa jambo zito kuliko wote amepita kama kivuli, na dhambi inayoungamwa kumhusu ni tamaa ya mwili ya mwandishi. Mapeasi yamepata uchambuzi kuliko mama wa mtoto wake. Haitoshi kusema kwamba desturi za Kirumi ziliruhusu jambo hilo. Hiyo ndiyo hoja yenyewe: desturi iliruhusu, kwa hiyo orodha haikuwa na jina la kosa, na jicho kali kuliko yote ya zama zake lilitazama pale lisione.

Utanzu huu ulipata uhai mpya katika eneo la Maziwa Makuu katika miaka ya 1930. Chanzo kinachotajwa mara nyingi ni mkutano wa mwaka 1929 huko Namirembe, Kampala, kati ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Kutoka Gahini moto ulisambaa Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, kisha Tanganyika na Burundi. Waliookolewa waliitwa Balokole kwa Kiganda, na wao wenyewe kwa wenyewe waliitana ndugu. Msingi wa maisha yao ulikuwa kutembea nuruni: kuungama kwa wazi, mara kwa mara, katika ushirika wa wiki, yale yaliyoharibika tangu mkutano uliopita. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya ukali wa msimamo wao, akiwemo William Nagenda, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa harakati hiyo.

Kifani, ushuhuda wa Uamsho una muundo unaotambulika haraka. Kwanza hali ya zamani, ikitajwa kwa dhambi mahususi. Kisha siku ya kukutana na Msalaba, aghalabu kwa tarehe. Kisha hali ya sasa, pamoja na kuteleza kwa karibuni na kusamehewa upya. Kiitikio cha pamoja cha kumsifu Yesu huja kuufunga. Lugha ni ya nafsi ya kwanza, wakati ni uliopita, na wasikilizaji huujua mwisho kabla ya mwanzo. Mtu aliyezoea ngano atauona undugu.

Haitakuwa haki kuutaja muundo huu kana kwamba ulikuwa maigizo. Watu walirudisha mali waliyoiba. Wamisionari wa Kizungu waliwaungamia wenzao Waafrika kiburi cha rangi, jambo ambalo hakuna sheria ya koloni iliyowadai. Waume waliwaambia wake zao yale ambayo mila iliwaruhusu kuyanyamazia. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakakataa kuibebea serikali bunduki. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Na katika Uganda ya Idi Amin, Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika wimbi la Uamsho na baadaye akawa Askofu Mkuu, aliuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kuipinga serikali kwa maandishi juu ya mauaji na dhuluma. Mtu aliyezoea kuitaja dhambi yake bila kupepesa macho aliweza kuitaja ya mtawala vilevile. Anayetaka kuudharau Uamsho sharti kwanza apite mbele ya kaburi hilo.

Pamoja na hayo yote, orodha ilikuwa orodha. Ilikuwa na pombe, tumbaku, uzinzi, wizi, uchawi, hasira, wivu na uongo. Mambo haya ni dhambi halisi na yanaangamiza watu halisi. Lakini ni dhambi zinazoweza kutendwa na mtu mmoja mmoja, zinazoonekana katika mwili au katika tabia, na zinazoweza kuachwa kwa siku moja. Ardhi iliyopatikana kwa mkono wa chifu, nafasi ya shule aliyopewa mwana wa ukoo fulani na kunyimwa wa ukoo mwingine, dharau ya kabila isiyotamkwa kwa kuwa kila mtu nyumbani anayo: haya hayakuwa na mahali pazuri katika muundo wa ushuhuda. Hakuna tarehe ya kuyaacha.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inaonyesha matokeo ya orodha kama hiyo katika nyumba moja ya Kikatoliki kisiwani Ukerewe. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Dhambi inatafutwa mwilini mwa msichana na hapo tu. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda nchini Tanzania kwa kile kilichoonekana kuwa ni kukosa adabu. Hatua hiyo iliizidishia maana: walezi walitazama pale pale alipotazama Zakaria.

Kuna sura nyingine ya historia ya Kenya inayoufanya ugumu huu kuwa mchungu zaidi. Katika kambi za kizuizini za miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilidai ungamo. Mfungwa aliyekiri kiapo alisogezwa kutoka daraja moja hadi jingine kuelekea nyumbani. Aliyenyamaza alibaki, akapelekwa kwenye kazi ngumu na mapigo. Wahubiri waliingia kambini, na msamiati wa kutubu na kusafishwa ukachanganyika na wa upelelezi. Huko Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi. Hapa ungamo liligeuka kuwa hati ya kupita. Si kwamba yaliyosemwa yalikuwa ya uongo. Mengi yalikuwa kweli. Ila yalisemwa kwa aliyekuwa na ufunguo, na aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyeamua ni lipi liwe dhambi.

Swali la Rwanda haliepukiki, na linahitaji uangalifu. Nchi ambako Gahini iko ilikuwa, kufikia mwaka 1994, miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi zaidi barani. Katika siku mia moja hivi za mwaka huo Watutsi mamia kwa maelfu waliuawa, wengi wao ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Ntarama na Nyarubuye. Wakristo wengi wa Rwanda walikuwa Wakatoliki na hawakuguswa na Uamsho, kwa hiyo haitakuwa sahihi kuitwika harakati hiyo mzigo wote. Wapo pia walioamini na kufa wakiwaficha majirani zao. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni hili: ilikuwa nchi yenye mazoea marefu ya kuungama, katika kitubio cha Kikatoliki na katika ushirika wa ndugu, na mazoea hayo hayakulifanya suala la nani ni Mhutu na nani ni Mtutsi kuwa jambo la kuungamwa. Watu walikuwa wanakosa na kutubu kila wiki. Kukosea kulikuwa kunakua pembeni.

Yaliyofuata yanampa mhakiki mifano miwili ya ungamo lililolazimika kujitengeneza upya. Desemba 1996, huko Detmold, Ujerumani, Wakristo kadhaa wa Rwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na watu wa Magharibi, walikutana na kutoa tamko ambamo kila kundi liliungama makosa ya watu wake mbele ya makundi mengine. Pingamizi lililo wazi ni kwamba hakuna mtu anayeweza kutubu kwa niaba ya mwingine. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini tamko lilikuwa na sifa moja adimu: waliokosewa walikuwa wameketi chumbani. Linganisha na tamko la viongozi wa Kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani huko Stuttgart, Oktoba 1945, lililojilaumu kwa kutosali kwa uaminifu zaidi na kutopenda kwa moto zaidi, na ambalo halikuwataja Wayahudi. Ungamo la Stuttgart lilikuwa la kweli na lilihitaji ujasiri, kiasi cha kuwaudhi Wajerumani wengi. Mtendewa bado alikosekana katika sentensi.

Mfano wa pili hautoki kanisani. Sheria zilizoongoza kesi za mauaji ya kimbari, kuanzia ile ya mwaka 1996 hadi zile za mahakama za gacaca zilizofungwa Juni 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri, lakini ziliweka masharti juu ya umbo la ukiri. Alitakiwa kueleza alichotenda kwa undani, mahali na wakati, waliotendewa, walioshirikiana naye, na aombe radhi. Sheria zilipoendelea kurekebishwa zilimtaka aonyeshe hata miili ilikotupwa. Wapo waliokiri kidogo ili kuficha kikubwa, na wapo waliokiri kwa hesabu ya miaka ya kifungo. Hata hivyo ni jambo la kutafakarisha kwamba ilikuwa ni sheria ya dola, wala si liturujia, iliyosisitiza kwamba ungamo lisilo na majina ya waliokosewa halijakamilika.

Mwanatheolojia atasema, na ana haki, kwamba haya yote yanaligeuza ungamo kuwa shauri la mahakamani. Imani ya Kikristo hufundisha kwamba neema haingoji hesabu ikamilike. Luther alipokuwa mtawa alijitesa kwa saa nyingi katika kitubio akijaribu kuikusanya kila dhambi, hadi alipotambua kwamba hakuna awezaye kuzimaliza. Kama ungamo lingengoja kumridhisha kila aliyekosewa, nani angepata amani? Waliokosewa wengine wamekwisha kufa.

Zaburi ya 51 ndiyo ngome ya hoja hiyo. Kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya Nathani kumjia, na ndani yake mwenye kutubu anamwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi Yeye peke yake. Uria alikuwa kaburini, ameuawa kwa barua aliyoibeba kwa mkono wake mwenyewe. Yeye peke yake? Wafafanuzi wamejitahidi kuonyesha kwamba maana yake ni kuwa kila dhambi, hata dhidi ya binadamu, mwishowe ni dhidi ya Mungu. Ufafanuzi huo unakubalika, maadamu Zaburi haisomwi bila kisa kilichoitangulia. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, Nathani hamwendei mfalme na mafundisho juu ya tamaa. Anamwendea na hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyekula katika sahani yake na kulala kifuani pake. Hadithi inasimuliwa kutoka upande wa aliyeporwa. Daudi anamkasirikia tajiri, anamhukumu, na hukumu ikishatoka ndipo anapoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Alihitaji kuiona dhambi yake katika masimulizi ya mtu mwingine, kwa macho ya maskini, kabla hajaweza kuisema mbele ya Mungu. Na hapa, pengine, ndipo idara za fasihi zinapokuwa na jambo la kuzifunza idara za theolojia.

Luka naye hakuishia kwa mtoza ushuru wa sura ya 18, ambaye anajipiga kifua bila kumtaja mtu. Katika sura inayofuata yupo mtoza ushuru mwingine, Zakayo, anayezungumzia maskini na waliodhulumiwa na kurudisha mara nne. Wa kwanza alirudi nyumbani amehesabiwa haki na hakuna haja ya kumpokonya haki hiyo. Inatosha kuona kwamba mwandishi hakutaka msomaji abaki na yeye peke yake. Neema inaweza kutangulia hesabu na bado hesabu ikabaki. Kinachokataliwa ni mkosaji kuishika kalamu na daftari peke yake.

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, iliyotolewa mwaka 1967, imeshughulikia suala hili kwa undani kuliko maandishi mengi ya kidini ya eneo hili. Anwani yake inatoka katika Maandiko, na Kihika, mpiganaji aliyenyongwa, alikuwa na Biblia yenye mistari aliyoipigia kalamu. Uamsho wenyewe umo: Jackson Kigondu, mhubiri anayeungama makosa yake hadharani na kuongoza kundi la waliookoka, anauawa kwa mapanga, na msimulizi anadokeza kwamba serikali iliiacha harakati hiyo istawi wakati mikutano mingine imezuiwa. Ngũgĩ hamwonyeshi kuwa mnafiki. Anamwonyesha kuwa mtu mnyofu ambaye orodha yake haikufika kwenye jambo lililokuwa likiwaka mlangoni.

Kisha yupo Gikonyo. Aliungama kiapo kambini ili arudi kwa mkewe Mumbi, na sauti ya nyayo zake kwenye saruji siku ile inamfuata kwa miaka. Hilo lilikuwa ungamo lililodaiwa na mwenye ufunguo, na badala ya kumfungua lilimfunga. Anaporudi anakuta Mumbi amezaa na Karanja, homugadi, na Gikonyo anajipa haki ya aliyekosewa kana kwamba yeye hajamkosea mtu.

Na yupo Mugo, aliyemsaliti Kihika kwa afisa wa kikoloni Thompson, na ambaye kijiji cha Thabai kinamheshimu kama shujaa. Sherehe ya Uhuru ya Desemba 1963 imeandaliwa ili yeye ahutubie na msaliti afichuliwe. Wengi wanadhani msaliti ni Karanja. Kila kitu katika utanzu kinamruhusu kunyamaza: kimya chake kimekwisha kufasiriwa kuwa unyenyekevu, na hata kukataa kwake kuzungumza kumemwongezea sifa. Anamwambia kwanza Mumbi, dada ya marehemu. Siku inayofuata anasimama mbele ya umati na kusema ni yeye. Hatafuti sababu, haelezi siku ya kuongoka, hamalizi kwa wimbo. Jina la Kihika limo katika maneno yake, na waliompenda Kihika wamo katika umati. Likipimwa kwa vigezo vya ushuhuda wa ndugu, ungamo hili ni pungufu kifani. Halina sehemu ya tatu.

Ngũgĩ anakataa kuigeuza hatua hiyo kuwa ushindi. Umati hautoi kiitikio. Watu wanatawanyika kimyakimya. Jenerali R. anamchukua Mugo, na hukumu inapitishwa faraghani. Baadaye Wambui, mmoja wa waliomhukumu, ameketi kibandani na wenzake akiwa na shaka kama walifaa kufanya vile. Aliyeungama ameondoka na waliobaki hawajui waanze wapi na yao wenyewe.

Hospitalini, Gikonyo anafikiria kigoda atakachomchongea Mumbi, na kwa mara ya kwanza anamuulizia yule mtoto. Anataka waanze upya. Mumbi hamkatalii. Anamjibu tu kwamba yaliyopita kati yao ni mengi mno kumalizwa kwa sentensi moja, na kwamba wanahitaji kukaa na kuzungumza. Kisha anaondoka kwenda zake, na Gikonyo anarudi kwenye kigoda chake, akiibadilisha sura ya mwanamke atakayemchonga.